Nyanya Chungu Chini ya Mipistachio

Wekeni mpira wa maji chini kwanza. Nasema na nyie vijana wa bustani ya Takoma Park, mliokuja kwangu Jumamosi na tawi lililonyauka ndani ya mfuko, mkaniuliza, "Bibi Zaina, it's just thirsty, right?" Hapana, si kiu. Mti ukinyauka wakati udongo wake umelowa, kisha nyie mkauongezea maji, mnauzika ungali hai. Chomekeni kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na tope, ondokeni hapo mkanywe chai.

Mmeniomba niwaandikie magonjwa ya mipistachio na dawa zake, kwa ufupi, ikiwezekana ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Miaka kumi na tisa nimeshinda chini ya miti hiyo, magoti yangu yanajua kila jiwe la pale, halafu niwape ukurasa mmoja. Nitaandika ninavyoongea, na mtakapokwama wazazi wenu watawasomea. Na humo ndani nitatia jambo ambalo sijapata kuliandika. Ugonjwa mbaya kuliko yote niliouona shambani niliuleta mimi kwa mikono yangu, na aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake ni mtu mwingine.

Shamba lilikuwa kaskazini ya Gaithersburg, ukishaiacha barabara kuu ya 270 unaingia barabara nyembamba yenye farasi huku na huku. Mwenyewe alikuwa Mzee Lamont, Mmarekani mweusi, mwalimu wa sayansi aliyestaafu. Kiswahili alijifunza ujanani, kwenye madarasa ya jioni, enzi ambazo wenzake wengi walikuwa wanajitafutia majina ya Kiafrika. Wenzake waliishia kwenye salamu, yeye akaendelea mpaka akakimaliza kitabu. Asubuhi anatokea na fimbo yake: "Hamjambo, ndugu zangu? Je, miti imeamkaje?" Kimenyooka kama rula. Lakini akikasirika tu, Kiswahili chote kinamkimbia, anabaki na Kiingereza kitupu. Sisi tukisikia Kiingereza asubuhi tulikuwa tunaangaliana na kuinama kazini.

Watu walimwambia mpistachio haufai huku kwetu. Ni mti wa nchi kavu, unataka kiangazi kisicho na mvua, na sisi hapa mwezi wa saba unaweza kuikamua hewa yenyewe ikatoa maji. Wakamwambia haiwezekani, na hapo ndipo walipomharibu kabisa. Akajenga nyumba za plastiki, paa juu, ubavuni wazi, ili mvua isiguse majani na upepo upite. Akapanda miti ishirini na minne. Kila mti ulikuwa umebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, kwa sababu mizizi ya pistachio yenyewe ni dhaifu kwa magonjwa ya udongo. Ya kwake aliipata mapema, kabla ya mashina bora kupatikana kwa urahisi, na hilo lilikuja kutugharimu.

Kazini tulikuwa wawili wa kudumu, mimi na Papa Dezire. Papa Dezire ni Mkongo wa Uvira, mkimbizi, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, na ana kicheko cha kuamsha mtaa. Alikuwa anakaa Bladensburg, na kila asubuhi alikuwa anapita Takoma Park kunichukua na gari lake bovu, kwa sababu mimi sijui kuendesha mpaka leo. Niliposhika usimamizi, yeye alishika maji. Katika wiki zake za kwanza aliniita pembeni, akanionyesha mti. Mpistachio una dume na jike, na dume halizai, kazi yake ni kutoa chavua ibebwe na upepo. Papa Dezire hakulijua hilo. "Mama Zaina, huyu hazai. Iko nakula mbolea ya bure. Tumutoshe." Alitaka tuung'oe. Nikamwambia, sawa, tuanze na wewe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa magonjwa. Mtakaloliona kwanza ni ukungu wa majani. Mwezi wa nane, joto na unyevu vikishikana, majani yanatoka madoa meusi, madoa yanaungana, jani linaanguka kabla ya siku zake, na ganda la nje la tunda linachafuka. Kila mtu hapo anakimbilia dawa ya kunyunyizia. Dawa ipo, na kuna siku mtaihitaji. Someni kibandiko chote, vaeni glavu na barakoa. Lakini dawa ya kwanza ni upepo. Pogoleeni katikati ya mti mpaka ndege aweze kupita bila kugusa bawa. Msirushe maji juu ya majani, tumieni mipira ya matone, ilale mbali kidogo na shina. Majani yaliyoanguka yafagieni, msiyaache yalale hapo yakisubiri mwakani.

Ugonjwa wa pili unaanzia kwenye vichipukizi na vichala vya maua. Kichipukizi kinakuwa cheusi kama kimepitiwa na kibiriti, kichala kinakauka na kubaki kinaning'inia hata wakati wa theluji. Humo kwenye vilivyokauka ndimo ugonjwa unamolala. Subirini siku kavu. Kateni chini ya weusi, siyo kwenye weusi, shukeni urefu wa kiganja kizima kwenye mti ulio mzima, na mlichokata mkibebe mbali mkakiteketeze. Na mkasi ufutwe kwa spiriti kabla haujagusa mti mwingine.

Hilo la mkasi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili nilipogolea mstari mzima asubuhi moja, najisifu kwa mwendo, sijafuta mkasi hata mara moja. Wiki kadhaa baadaye mstari mzima ukawa na vichipukizi vyeusi, na ungeweza kufuata nilipopita, mti kwa mti, kama unamfuata mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope. Mzee Lamont aliongea Kiingereza nusu saa bila kumeza mate. Alipomaliza akaenda stoo, akarudi na chupa ya spiriti na kamba, akanifunga chupa kiunoni. "Kata, futa. Kata, futa. Umenielewa, dada?" Nilielewa. Tatizo ni kwamba ilikuwa Ramadhani, na gari la Papa Dezire lilikuwa limegoma, ikabidi nirudi nyumbani kwa treni. Mama wa makamo, nimejifunga ushungi, natoka kufunga siku nzima, nanuka spiriti toka kichwani hadi miguuni. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alinitazama kwa huruma, akaniambia Mungu ananipenda hivyohivyo nilivyo. Nikamshukuru.

Ugonjwa wa tatu ni kuoza kwa mizizi na kitako cha shina, na huo ni mtoto wa maji mengi. Mti wote unachoka kwa pamoja. Majani yanakuwa madogo, yanapauka, ukuaji unasimama. Ukifukua kidogo kwenye kitako utakuta gome limekuwa jeusi, pengine linatoa utomvu, na ukilikwangua kwa kisu ndani yake ni kahawia badala ya weupe wenye unyevu. Kinga yake ni kupanda juu ya tuta, kuweka matandazo mbali na shina, na kufunga koki. Huo tuliupata kwa Papa Dezire. Jumamosi moja aliacha koki ya nyumba ya kwanza wazi, Jumapili yake ilikuwa siku ya kwaya, na Jumatatu tukakuta bwawa. Mti mmoja ulikufa baadaye. Mzee Lamont alituita wote wawili, akaukwangua kitako mbele yetu, akatufundisha kuusoma. Papa Dezire aliomba radhi, akasamehewa. Kuanzia siku hiyo aliandika saa ya kufungua na saa ya kufunga kila koki kwenye daftari la shule, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Naomba mkumbuke daftari hilo, kwa sababu mimi nilijua lipo.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu ukiacha kipande cha ardhi kitupu, majirani watakuja kuuliza kama umefiwa. Chini ya migomba kuna maharage, pembeni ya maharage kuna maboga, na penye kiupenyo unachomeka kitunguu. Sasa njoo uone shamba la Mzee Lamont: miti imesimama mbalimbali, na katikati yake udongo mtupu, mzuri, mweusi, umepaliliwa, hauna hata mchicha. Alikuwa ametuambia wazi: "Baina ya miti pasipandwe chochote." Hakutuambia kwa nini. Nami sikuuliza, nikajisemea moyoni kwamba huu ni Uzungu, hata kama mwenyewe si Mzungu. Udongo ule ulikuwa unaniuma macho kila siku.

Basi nikatafuta njia. Mwisho kabisa wa nyumba ya pili, ambako Mzee hafiki kwa sababu ya magoti yake, nilipanda nyanya chungu, mabilinganya na bamia. Miche nilipewa na rafiki yangu mmoja Mkenya wa palepale Gaithersburg, anayelima nyuma ya nyumba yake. Nyanya chungu huku kuzipata za kweli ni kazi, nyie mnajua. Aliponing'olea, alizinyanyua na bonge la udongo wake, akazijaza kwenye ndoo mbili, akaniambia, "Chukua tu, dada, lakini hii bustani yangu sijui ina shida gani. Nyanya zangu kila mwaka zinakauka nusu nusu, upande mmoja."

Zinakauka upande mmoja. Mimi msimamizi, nimekaa na mwalimu wa sayansi miaka yote hiyo, nikasikia maneno hayo, nikasema asante, nikabeba ndoo.

Zilizaa jamani. Kila Alhamisi nilikuwa najaza mfuko mmoja wangu na mmoja wa Papa Dezire. Alifurahi kama mtoto. Aliniambia tangu atoke kwao hajala kitu kikamkumbusha jiko la mama yake kama zile nyanya chungu. Hakuuliza kama Mzee anajua. Nadhani aliona mimi ndiye mkubwa, na mkubwa akikupa chakula huulizi.

Msimu wa pili wa nyanya chungu, wakati wa joto, mti wa mwisho wa nyumba ya pili ukanyauka tawi moja. Siyo mti mzima, tawi moja. Majani yamekauka lakini hayajaanguka, yameshikilia hapohapo, na upande wa pili wa mti ni kijani kabisa. Mzee Lamont wakati huo alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa goti. Nilimpelekea habari, akanipigia simu, Papa Dezire alikuwa akipanga mipira ya maji hatua chache kutoka kwangu. Mzee akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Dada Zaina, je, ni maji tena? Ndugu Dezire ameacha maji tena?" Nikamwambia nitaangalia, nitampigia.

Nikachukua kisu na mkasi. Nikaenda kitakoni mwa mti, nikakwangua. Gome jeupe, lina unyevu, zima. Nikalikata lile tawi kwa mshazari. Ndani ya mti, chini ya gome, kulikuwa na michirizi ya kahawia imezunguka kama pete. Hiyo, wanangu, niliyowahi kuiona tu kwenye picha za vitabu vya Mzee, ndiyo alama ya mnyauko wa udongo. Kuvu wake anaishi ardhini miaka na miaka, anaingia mizizini, anaziba mishipa ya kupandisha maji, na tawi linakufa kwa kiu huku mizizi imekaa kwenye maji. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayomfikia. Na anapenda kuzaliana kwenye nini? Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, bamia. Ndiyo maana Mzee alitaka udongo mtupu. Nilisimama pale na tawi mkononi, mbele yangu nyanya chungu zimenenepa, nikajua kila kitu mara moja, mpaka na ndoo.

Nikampigia Mzee. Aliuliza: "Ni maji?" Nikamwambia, "Huenda ni maji."

Sikusema ni maji. Nilisema huenda. Nimejitetea kwa neno hilo muda mrefu sana, na nawaambia leo kwamba ulikuwa uongo mtupu. Niliogopa. Niliona miaka yangu yote pale, usimamizi wangu, sifa yangu, vyote vinakwenda kwa sababu ya mboga. Na nilijua kwamba akisikia maji atamfikiria Papa Dezire. Kiingereza kikaanza kwenye simu. Mti wa pili kwa mtu yuleyule, alisema, na mtu huyo hajifunzi.

Papa Dezire alifukuzwa Ijumaa. Alileta daftari lake, akalifungua ukurasa wa wiki hiyo, akanipa mimi nimsomee Mzee kwenye simu. "Mama Zaina, soma kwa Patron. Maji nilifunga. Niko naandika kila kitu." Nilimwambia Mzee ameshaamua. Daftari sikulisoma. Na bado jioni ile alinirudisha Takoma Park kwa gari lake, kwa sababu hakutaka nihangaike na basi. Njiani aliniambia kwamba chumba chake kimetegemea kazi hiyo, na mkewe yuko mbioni kuja, alikuwa amemwahidi mahali pa kufikia. Nikamwambia Mungu atafungua njia. Nilishuka nikaingia ndani, nikakaa jikoni bila kuwasha jiko.

Kesho yake niling'oa nyanya chungu zote. Lile tawi nililitia kwenye pipa la kuchomea siku ileile niliyolikata. Nikajiambia yamekwisha.

Ugonjwa wa udongo hauishi kwa kung'oa mboga. Msimu uliofuata mti jirani ukanyauka, upande mmoja. Maji nilikuwa nafungua na kufunga mimi mwenyewe. Mzee Lamont alikuwa amepona goti, akaja mpaka mwisho wa nyumba ya pili na fimbo yake, akakata tawi, akalitazama ndani. "Huu si ugonjwa wa maji," akasema. "Kuvu huyu ametoka wapi, dada? Udongo wangu niliupima kabla ya kupanda."

Nikamwambia. Nilimwambia ndoo mbili, nyanya chungu, bamia, tawi la kwanza, na lile neno langu. Nilisubiri Kiingereza. Hakikuja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono juu ya fimbo, na mimi nikalia mbele yake bila kujificha. Akauliza: "Ulijua tangu siku ile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kampate. Mwambie kazi yake ipo. Usinitume mimi kusema maneno yako."

Kabla sijafika huko, niwamalizie lililo lenu, maana ndilo mlilokuja nalo mfukoni. Leteni lile tawi tulikate kwa mshazari. Mkiona michirizi ya kahawia, mti huo hamtauponya. Mkiuona mapema, ondoeni tawi, msiutie mbolea nyingi ya kukuza majani, upeni maji kwa kipimo, na pengine utaishi miaka na ugonjwa wake. Ukishindwa, ung'oeni na mizizi. Udongo wake msiupeleke kwa jirani. Wakati wa joto kali ulowesheni udongo, ufunikeni kwa plastiki inayopitisha mwanga, wiki sita au zaidi, jua liupike. Huko chini zaidi kuvu atabaki, kwa hiyo mkipanda tena, ulizeni kwanza mche umebebeshwa juu ya shina gani, chagueni lile linalovumilia mnyauko. Na msipande jamii ya nyanya wala bamia hapo. Najua mama zenu watawaambia udongo umekaa bure. Waleteni kwangu.

Nilipata anwani ya Papa Dezire kwa watu wa kanisa lake. Alikuwa Bladensburg bado, lakini jengo jingine, ghorofa ya pili, amerudi kupanga baada ya kukaa miezi mingi kwenye sebule ya watu. Safari ya mkewe ilisogezwa mbele karibu mwaka kwa sababu hakuwa na pa kumweka. Sasa alikuwa ameshafika. Papa Dezire alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha na kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu, na nimesikia wanampenda kwa ajili ya nyimbo zake.

Alifungua mlango mwenyewe. "Mama Zaina! Karibu, karibu." Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikashindwa kuingia. Nikamwambia yote palepale mlangoni, kwa sauti ya chini, na kwamba Mzee anamwita arudi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ile tawi niliiona. Siku ile nilienda kumwaga majivu ya pipa, haikuungua yote. Niliona ile mistari ndani. Patron alitufundisha kusoma kitako tu, lakini mi niko na macho. Nilijua haiko maji."

"Sasa mbona hukumwambia Mzee?"

Akatazama chini. "Ningesema nini? Nyanya chungu nilikula. Kila Alhamisi ulinipa, nikakula. Nikaona na mi niko ndani yake. Mambo ya kazi, asante, umwambie Patron niko na kazi. Lakini nikuombe kitu moja." Akageuka kutazama ndani, aliko mkewe. "Mama Esperansi hajui. Ye anajua nilifukuzwa juu ya uzembe. Umwambie wewe."

Nikamfuata mpaka mlango wa jikoni. Mkewe alikuwa humo, anachambua mchicha juu ya sinia, mwanamke mwembamba mwenye kitenge kipya. Alinisalimu vizuri, hakunijua mimi ni nani. Nikajitaja, nikarudia yote, na mara hii sauti ilinitoka vibaya zaidi. Aliacha kuchambua.

"Donc, basi haikuwa ye?"

"Haikuwa yeye."

"Na maji alifunga?"

"Alifunga. Aliandika kwenye daftari. Mimi ndiye niliyekataa kulisoma."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tangu nilipopanda basi. Nilikuwa nimeyapanga mpaka na majibu yake. Hakunitazama tena. Alifuta mikono kwenye kitenge, akainuka, akamwendea mumewe aliyekuwa amesimama kando ya friji, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. "Papa Dezire, unisamehe. Mwaka muzima nilikuita muzembe kwa simu. Nilikuita mbele ya mama yako." Akamwomba msamaha kwa kosa langu, na mimi niko palepale mlangoni, viatu mkononi, hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.